Sheki bila feza: namna India ilivyojifunza kupatanisha watu kabla ya kuwafunga

Mwezi wa kwanza mwaka wa 2005, nchini India, sheki mbili zilirudishwa na banki bila kulipwa. Zote mbili pamoja zilikuwa za rupia 170,000. Aliyezipokea akaenda kushitaki. Kesi ikapanda kutoka tribinali ya chini, na ilipokuwa mbele ya Mahakama ya Juu mjini New Delhi ilikuwa imekwisha kula miaka kumi na mitano. Majaji walishangaa, kwa sababu sheria yenyewe inaomba kesi ya namna hiyo ijaribu kumalizika kwa miezi sita. Walipochunguza hali ya kesi zingine, hesabu ilionyesha kwamba hadi tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2019, kati ya kesi za jinai milioni 23.1 zilizokuwa zikingoja katika nchi nzima, zaidi ya milioni 3.5 zilikuwa za sheki bila feza.

Hiyo ni zaidi ya kesi moja kati ya saba. Tribinali zinazopaswa kuhukumu wezi, wauaji na wabakaji zilikuwa zimejaa watu wanaodaiana. Na walio wengi kati ya hao wanaodai hawana faida yoyote ya kuona mtu akilala gerezani. Wanachotaka ni feza zao zirudi.

Namna India ilivyofika hapo, na namna ilivyoanza kufungua mlango wa mapatano, ni historia inayofaa kusikiwa na kila mtu aliyewahi kukopa ao kukopesha. Inaonyesha kitu kinachoweza kutokea wakati serikali inataka kutumia gereza kukusanya madeni ya watu.

Hundi, karatasi iliyotangulia banki

Katika Tanzania na Kenya, watu wengi huita sheki kwa jina la hundi. Neno hilo ni la India. Karne nyingi kabla ya banki za Wazungu kufika huko, wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa wakiandikiana hundi. Mtu wa mji mmoja anamwandikia mwenzake wa mji mwingine amlipe feza fulani yule atakayeleta karatasi. Kulikuwa na hundi ya kulipwa palepale inapoonyeshwa, na kulikuwa na ile ya kulipwa baada ya siku zilizowekwa. Kwa njia hiyo, mfanyabiashara hakulazimika kubeba mzigo wa feza barabarani na kuvamiwa na wezi. Karatasi ilitembea, feza zikabaki zimekaa.

Nguvu ya hundi haikutoka kwa polisi. Ilitoka kwa jina la mtu. Aliyekataa kulipa hundi yake aliharibu jina lake kati ya wafanyabiashara wenzake, na hakuna aliyemkopesha tena.

Desturi hiyo ya kukopeshana iligusa hata upande wetu wa Kongo. Katika karne ya 19, wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa na nguvu kubwa ya feza kule Zanzibar. Ni wao waliokuwa wakikopesha vitambaa, shanga na bunduki kwa misafara iliyoelekea Ujiji na Maniema kutafuta pembe za ndovu, biashara iliyokwenda pamoja na ile ya kuuza watu. Tippu Tip, aliyefanya Kasongo kuwa mahali pake pa nguvu, alikopeshwa na Taria Topan, Mhindi tajiri wa Zanzibar. Jasho na machozi ya watu wa Maniema yalikwenda, kwa sehemu, kulipa madeni yaliyoandikwa katika vitabu vya wakopeshaji wa pwani.

Kule India kwenyewe, Waingereza waliokuwa wakitawala walitaka kuwe na sheria moja ya karatasi zote za feza. Mpango wa kwanza wa sheria hiyo uliandikwa mwaka wa 1866. Wafanyabiashara waliukosoa, ukarudishwa, ukaandikwa tena zaidi ya mara moja. Ulipitishwa tarehe 9 mwezi wa kumi na mbili 1881, na ukaanza kutumika tarehe 1 mwezi wa tatu 1882. Desturi za hundi zilizoandikwa katika lugha za wenyeji ziliachwa ziendelee. Sheria hiyo ya 1881 ndiyo ingali ikitumika hadi leo, ingawa imeongezewa sehemu nyingi.

Gereza linaingia katika deni

Kwa zaidi ya miaka mia moja, sheria ya 1881 haikumpeleka mtu gerezani kwa sababu ya sheki iliyorudishwa. Aliyetaka kulipwa alifungua kesi ya madai, na kesi hizo zilichukua miaka mingi. Alikuwa na njia nyingine: kushitaki kwa udanganyifu. Lakini hapo alipaswa kuonyesha kwamba aliyeandika sheki alikuwa na nia ya kudanganya tangu mwanzo. Kuonyesha kilichokuwa ndani ya moyo wa mtu siku alipotia sahihi si kazi rahisi.

Matokeo yake, watu wengi hawakuwa na imani na sheki. Muuzaji alipendelea feza mkononi. Serikali, iliyotaka biashara ipite katika banki, iliona hiyo ni hatari. Mwaka wa 1988 bunge lilipitisha sehemu mpya ya sheria, na ikaanza kazi tarehe 1 mwezi wa nne 1989. Kifungu kinachojulikana zaidi ndani yake ni cha 138. Tangu siku hiyo, kuandika sheki ya kulipa deni la kweli, kisha sheki hiyo ikarudishwa kwa kukosa feza, likawa kosa la jinai. Adhabu ilikuwa kifungo cha hadi mwaka mmoja, ao faini ya hadi mara mbili ya feza za sheki, ao vyote viwili.

Hata hivyo, wale walioandika sheria hiyo waliacha nafasi ya kupumua. Kosa halitimii siku ile banki inarudisha sheki. Mfano wa muuza vitambaa wa mji wa Surat unasaidia kuelewa. Amemkopesha mteja mzigo wa rupia 100,000 na kupewa sheki. Banki inairudisha. Leo, sheria inampa siku 30 tangu kupata habari hiyo ili aandike barua ya kudai feza zake. Mteja akipokea barua, ana siku 15 za kulipa. Akilipa ndani ya siku hizo 15, hakuna kosa wala kesi. Asipolipa, muuzaji ana mwezi mmoja wa kwenda kushitaki.

Siku 15 hizo ndizo mlango wa kwanza wa mapatano, na ndio wa bei nafuu kuliko yote. Hapo hakuna hakimu, wala gharama ya tribinali. Ni barua na jibu la barua. Mwenye deni anayenyamaza akifikiri barua ni vitisho tu ndiye anayejifungia mlango huo.

Mahabusu hafanyi biashara

Kilichofuata hakikutarajiwa. Sheria iliyotakiwa kuwatia watu woga iliwavutia wakopeshaji kwenda tribinali. Banki, kampuni za mikopo na wafanyabiashara binafsi, wote walikimbilia kifungu cha 138 kwa sababu kilionekana kuwa njia ya haraka kuliko kesi ya madai. Mwaka wa 2008, Tume ya Sheria ya India ilitoa ripoti iliyosema kwamba zaidi ya kesi milioni 3.8 za sheki zilikuwa zikingoja. Njia ya haraka ilikuwa imeziba.

Tena, woga wa gereza haukuzaa feza kwa kila mtu. Mwenye duka aliyefilisika hana zaidi ya kile alicho nacho. Akifungwa, duka linafungwa, na yule anayemdai anabaki na hukumu mkononi lakini mfuko mtupu. Mwenye feza naye alijifunza ujanja mwingine: kuvuta kesi. Kila mwaka uliopita, feza za mwenzake ziliendelea kufanya kazi mikononi mwake.

Majaji waliona mambo hayo. Mwaka wa 2021, jaji mmoja wa Mahakama ya Juu, Rohinton Nariman, alikifananisha kifungu cha 138 na kondoo wa madai aliyevalishwa ngozi ya mbwa-mwitu wa jinai. Maana yake ni kwamba kwa nje linaonekana ni jambo la polisi na gereza, lakini ndani ni deni kati ya watu wawili.

Katika sheria ya India, si kila kosa la jinai linaweza kufutwa kwa sababu wenye kesi wamepatana. Kuna orodha ya makosa yanayoruhusiwa, na kosa la sheki halikuwa ndani yake. Kwa hiyo, katika miaka ya kwanza, watu walipatana na kulipana, lakini ilibaki kwa majaji kutafuta njia ya kukubali mapatano yao. Bunge lilirekebisha jambo hilo mwaka wa 2002, na marekebisho yakaanza tarehe 6 mwezi wa pili 2003. Kifungu kipya cha 147 kilisema kwa maneno machache kwamba kila kosa linaloadhibiwa na sheria hii linaweza kumalizwa kwa mapatano. Wakati uleule adhabu ya kifungo iliongezwa kutoka mwaka mmoja hadi miaka miwili, na siku za kuandika barua ya kudai zikatoka 15 na kuwa 30. Fimbo iliongezwa urefu, na mlango nao ukafunguliwa.

Anayechelewa kupatana analipa zaidi

Kifungu cha 147 kiliacha swali moja: mtu anaweza kupatana hadi lini? Sheria haikusema. Wenye madeni wakaelewa kwamba wanaweza kukataa mbele ya hakimu wa kwanza, kukataa katika rufaa, na kukubali kulipa siku ile tu wanapoona mlango wa gereza. Mapatano yalikuwa yakija, lakini yalikuja baada ya kuchosha tribinali tatu ao nne.

Tarehe 3 mwezi wa tano 2010, majaji watatu wa Mahakama ya Juu, wakiongozwa na jaji mkuu K. G. Balakrishnan, walitoa uamuzi uliobadilisha desturi hiyo. Mwanasheria mkuu wa serikali, Goolam Vahanvati, ndiye aliyewapa wazo la kuweka bei ya kuchelewa, na majaji wakalikubali. Bei hiyo ilipangwa hivi. Anayeomba mapatano katika kikao cha kwanza ao cha pili halipi kitu cha kuongeza. Anayengoja zaidi ya hapo, lakini bado yuko mbele ya hakimu wa kwanza, anaongeza asilimia 10 ya feza za sheki. Akifika kwenye rufaa ao mahakama kuu ya jimbo, anaongeza asilimia 15. Na akipanda hadi Mahakama ya Juu, asilimia 20.

Kwa sheki ya rupia 100,000 ya yule muuza vitambaa wa Surat, maana yake ni rupia 10,000, kisha 15,000, kisha 20,000. Feza hizo za kuongeza haziendi kwa anayedai. Zinakwenda kwa ofisi ya serikali inayowasaidia maskini kupata avoka bila malipo. Majaji waliagiza pia kwamba barua ya kumwita mshitakiwa imwambie wazi kwamba akipatana mapema hatatozwa. Tena waliacha ruhusa kwa hakimu kupunguza kiasi hicho, akiandika sababu zake, kama hali ya mtu inaomba hivyo.

Maneno makubwa ya uamuzi huo ni kwamba, katika kosa la sheki, kumrudishia mtu haki yake kunapaswa kutangulia kumwadhibu mwenzake.

Baraza la watu

Mapatano yanahitaji mahali pa kukaa na kuongea. India ilikuwa na mahali hapo tayari. Panaitwa Lok Adalat, maana yake tribinali ya watu. Vikao vya kwanza vya namna hiyo katika wakati wetu vilifanyika mwaka wa 1982 katika jimbo la Gujarat. Sheria ya mwaka wa 1987 ikavipa nguvu kamili.

Wakaaji wa Kivu, waliozoea kukaa katika baraza ili kumaliza ugomvi wa shamba ao wa mahari, hawatashangaa wakiona kikao cha Lok Adalat. Meza moja, jaji anayefanya kazi ao aliyestaafu, mara nyingi pamoja na avoka ao mtu anayefanya kazi za jamii. Wanaodaiana wanakaa mbele yao. Wapatanishi hawatoi hukumu kwa nguvu. Wanauliza: deni ni ngapi, riba ni ngapi, unaweza kulipa nini mwezi huu? Wasipopatana, faili inarudi tribinali na kesi inaendelea. Wakipatana, maneno yao yanaandikwa, yanatiwa sahihi, na hayana rufaa. Hakuna ada ya kulipa, na kama ada ililipwa tribinalini, inarudishwa. Kuna siku maalum ambapo vikao hivyo vinafanyika kwa wakati mmoja katika nchi nzima, na kesi za sheki ni kati ya zile zinazopelekwa huko kwa wingi.

Swali gumu lilikuwa hili: mtu akikubali barazani kulipa kwa vipande, kisha akaacha kulipa, inakuwaje? Swali hilo lilitoka jimbo la Kerala. Mdaiwa alikuwa amekubali mbele ya Lok Adalat kulipa deni lake kidogo kidogo, kisha hakutimiza. Mwenye kudai alipokwenda kuomba nguvu ya kukamata mali, tribinali ilimjibu kwamba kesi yake ilitoka kwa hakimu wa jinai, kwa hiyo karatasi ya baraza haiwezi kuhesabiwa kama hukumu ya madai. Mwezi wa kumi na moja 2011, Mahakama ya Juu ilikataa jibu hilo. Ilisema mapatano ya Lok Adalat yana nguvu ileile ya hukumu ya tribinali ya madai, hata kama kesi ilitoka upande wa jinai. Anayeyavunja anaweza kukamatiwa mali.

Mwaka wa 2017, mahakama kuu ya Delhi iliongeza njia nyingine. Hakimu mmoja aliuliza kama ana haki ya kupeleka kesi ya sheki kwa wapatanishi wa kawaida, maana ni kesi ya jinai na sheria haikutaja upatanishi. Jibu lilikuwa ndiyo. Mapatano yanaandikwa, hakimu anawasikiliza wote wawili ili kujua kama wamekubali kwa hiari, na ahadi yao inakuwa ahadi mbele ya tribinali.

Jambo lingine lilielezwa mwezi wa kumi 2021. Kuna watu wanaopatana, mdaiwa anatoa sheki mpya kulipa deni la zamani, na sheki mpya nayo inarudishwa. Je, mwenye kudai anaweza kuendesha kesi mbili, ya sheki ya kwanza na ya sheki ya pili? Mahakama ya Juu ilisema hapana. Mapatano yakisha kufanywa, yanachukua nafasi ya deni la kwanza. Sheki mpya ikirudishwa, kesi inajengwa juu ya hiyo mpya. Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi, pande zote mbili zinapaswa kujua kwamba zinaacha njia ya zamani na kushika nyingine.

Mapatano ya hiari na mapatano ya woga

Historia hii ina upande ambao si mzuri. Katika India, wakopeshaji wengi humwomba anayekopa aache sheki iliyotiwa sahihi lakini bila kuandikwa kiasi. Ni kama rehani. Mwenye shida anakubali, kwa sababu mtoto ni mgonjwa ao masomo yanangoja. Siku akikwama, sheki inajazwa na kupelekwa banki.

Sheria haimsaidii sana mtu huyo. Tangu mwanzo, hakimu anachukulia kwamba sheki yenye sahihi ilitolewa kulipa deni, na ni aliyeitia sahihi anayepaswa kuonyesha kinyume. Mwaka wa 2019, Mahakama ya Juu ilirudia kwamba hata sheki iliyotolewa bila kuandikwa, kama mtu aliitoa kwa hiari yake, inahesabika vilevile. Mtu wa namna hiyo anapokaa mbele ya mpatanishi, anakaa akiwa na kivuli cha miaka miwili ya gereza nyuma yake. Anaweza kukubali deni lililo kubwa kuliko lile alilokopa. Ndiyo maana kazi ya hakimu kuuliza kama watu wamepatana kwa hiari si maneno ya kujaza karatasi.

Upande wa pili, kuna mwenye kudai anayekataa kila kitu kwa hasira. Mwaka wa 2012, Mahakama ya Juu ilisema kesi haiwezi kufutwa kwa mapatano bila yeye kukubali. Mwaka wa 2017, majaji wengine wakasema hakimu anaweza kuifunga kesi kama mdaiwa amelipa deni lote, riba na gharama, hata kama mwenzake ananung'unika. Lakini tarehe 16 mwezi wa nne 2021, majaji watano wakiongozwa na jaji mkuu S. A. Bobde walisema kifungu kilichotumiwa kufika hapo hakihusu kesi hizi. Kupatana kulibaki kuwa jambo la watu wawili kukubaliana.

Ni uamuzi huo wa majaji watano uliotokana na zile sheki mbili za rupia 170,000. Ulitaja pia mambo ya kupunguza mzigo: sheki kadhaa za biashara moja zinaweza kusikilizwa katika kesi moja, na mashahidi wa mwenye kudai wanaweza kutoa maneno yao kwa maandishi ya kiapo. Mwaka uliofuata, Mahakama ya Juu iliagiza kuanzishwa kwa tribinali za majaribio, zikiongozwa na majaji waliostaafu, katika wilaya za majimbo matano: Maharashtra, Delhi, Gujarat, Uttar Pradesh na Rajasthan.

Bunge nalo lilikuwa limefanya sehemu yake. Tangu tarehe 1 mwezi wa tisa 2018, hakimu anaweza kumwagiza mshitakiwa anayekana kosa alipe hadi asilimia 20 ya feza za sheki wakati kesi ikiendelea. Na aliyehukumiwa akikata rufaa, anaweza kuagizwa kuweka asilimia 20 ao zaidi ya faini ao fidia aliyotozwa. Anayevuta kesi havuti tena bila kutoa kitu.

Bei inashuka, mlango unapanuka

Hatua ya karibuni ilikuja tarehe 25 mwezi wa tisa 2025. Mahakama ya Juu iliona kwamba kesi zingali nyingi mno, na kwamba ile bei ya 2010 inapaswa kurekebishwa. Sasa, anayelipa feza za sheki kabla ya ushahidi wake wa kujitetea kuanza kuandikwa haongezi chochote. Baada ya hapo na kabla ya hukumu, anaongeza asilimia 5. Katika rufaa ao mahakama kuu ya jimbo, asilimia 7.5. Katika Mahakama ya Juu, asilimia 10.

Muda wa kupatana bila gharama umekuwa mrefu kuliko vikao viwili vya mwanzo, na bei ya kuchelewa imepungua nusu. Majaji waliagiza pia tribinali za wilaya ziweke njia ya kulipa kwa simu ao kwa intaneti, na barua ya kumwita mshitakiwa imjulishe kwamba anaweza kulipa kwa njia hiyo tangu mwanzo. Mdaiwa akilipa, mwenye kudai anajulishwa, na hakimu anaweza kumaliza kesi.

Kifungo cha miaka miwili hakijaondolewa. Kingali kimeandikwa, na kuna watu wanaokipata. Lakini mtu akisoma sheria hiyo kutoka mwaka wa 1989 hadi 2025, anaona kwamba karibu kila hatua imekuwa ya kusogeza siku ya mapatano karibu zaidi na siku ya deni. Mwaka wa 1989, barua ilimpa mwenye deni siku 15 tu kabla ya kosa kutimia. Leo anaweza kulipa kwa simu yake siku ile anapopokea barua ya tribinali, asitoe hata rupia moja ya kuongeza.

Kwa familia zinazoishi kwa kukopeshana, iwe sokoni, katika likelemba ao katika kambi, mambo matatu yanabaki kutoka katika njia hiyo ndefu ya India. Barua ya kudai ijibiwe mapema, maana kunyamaza ndiko kunakozaa kesi. Mapatano yaandikwe, yataje kila kipande na tarehe yake, na yaseme kitakachofanyika kipande kimoja kikikosa. Na karatasi isiyoandikwa kiasi isitiwe sahihi, hata kama anayeiomba ni ndugu.

Wale wa zile sheki mbili za 2005 wangeweza kukaa mezani ndani ya siku 15 za kwanza. Walizunguka katika tribinali kwa miaka kumi na mitano, kwa rupia 170,000.